Kamera ya Nyuma kwenye Kempa ya Zamani: Itazame Njia ya Waya Kwanza

Barua kadhaa zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinauliza kuhusu magari ya zamani yaliyogeuzwa kuwa nyumba za safari, yale ambayo wenyewe huyaita kempa, na namna ya kuyafungia kamera ya kumwonyesha dereva kilichopo nyuma. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mengi yaliyomo yanawahusu wote.

SWALI: Fundi, pokea salamu kutoka Arusha. Nina Toyota HiAce ya dizeli ya mwaka 1998, ambayo mimi na mwanangu tumeigeuza kempa. Tumeweka kitanda, kabati, tangi la maji na betri ya pili. Kabati limekiziba kioo chote cha nyuma, kwa hiyo kile kioo cha ndani cha dereva hakina kazi tena. Mwezi uliopita nilipokuwa nikirudi nyuma uani, nilisikia jirani akinipigia kelele nisimame. Niliposhuka nikakuta baiskeli ya mtoto wake imelala hatua moja kutoka kwenye bampa, na mtoto mwenyewe amesimama kando yake. Tangu siku ile sina raha. Madukani ninaonyeshwa kamera za kila namna, na fundi redio ananishauri ninunue isiyotumia waya. Ninunue ipi, na je, tunaweza kuifunga wenyewe?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana kwa mshtuko huo, na tushukuru kwamba jirani alikuwa macho. Hofu yako ina msingi. Nchini Marekani, tangu tarehe 1 Mei 2018, kila gari jipya lenye uzito wa jumla usiozidi pauni 10,000, yaani kilo 4,536 hivi, lazima liwe na kamera ya nyuma. Chanzo chake ni sheria ya mwaka 2008 iliyopewa jina la mtoto wa miaka 2 aliyefariki baada ya kugongwa na gari lililokuwa likirudi nyuma nyumbani kwao. Kanuni iliyotokana na sheria hiyo inataka dereva aone eneo lenye upana wa futi 10 na urefu wa futi 20 nyuma ya gari, takriban mita 3 kwa mita 6, na picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya gia ya rivasi kuingia. HiAce yako haibanwi na kanuni hiyo, lakini vipimo vyake ni kipimo kizuri cha kazi yako: ukimaliza kufunga, pima uani kwako kama unaliona eneo hilo lote.

Kuhusu kamera isiyotumia waya, ushauri wangu ni kwamba uiache. Jina lenyewe linapotosha, kwa kuwa kamera hiyo bado inahitaji umeme kutoka kwenye taa ya rivasi, na kipokezi kilichoko mbele nacho kinahitaji waya wake. Kinachoondolewa ni ule waya mmoja wa picha unaopita ubavuni mwa gari, ambao kwa HiAce ni kazi ya saa chache tu. Kwa kuikwepa kazi hiyo, unakubali picha isafirishwe kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo yanayotumiwa pia na waifai na bluetooth, tena yapenye kati ya bodi ya chuma, tangi la maji na kabati lako. Zile za bei ndogo hutoa picha yenye chenga na hukatika ghafla. Zilizo bora zaidi hutoa picha safi lakini mara nyingi huichelewesha kidogo. Gari linalorudi nyuma kwa mwendo wa kilomita 5 tu kwa saa husogea karibu mita 1.4 kila sekunde. Picha ikichelewa nusu sekunde, umeshasogea sentimita 70 usizoziona, na kwako wewe sentimita 70 ndiyo baiskeli ile.

Nunua kamera na skrini zilizo katika seti moja, kwa sababu kamera za leo hazitumi picha kwa mfumo mmoja. Zipo zinazotumia mfumo wa video wa zamani, ule wa televisheni za analogia, na zipo zinazotumia mfumo mpya wa picha kali uitwao AHD. Ukiichomeka ya mfumo mpya kwenye skrini inayoelewa wa zamani tu, utapata skrini tupu, urudi dukani ukidai kamera ni mbovu kumbe ni nzima. Mfumo wa zamani unatosha kabisa kwa kazi yako. Skrini ya inchi 7 ndiyo ninayoipenda kwa kempa, kwa kuwa dereva huiona bila kuinamisha kichwa. Ipo pia skrini inayovishwa juu ya kioo cha ndani, na kwa kuwa kioo chako hakina kazi tena, hiyo nayo inakufaa ikiwa dashibodi haina nafasi.

Usivutwe na tangazo la lenzi inayotazama upana wa nyuzi 170. Kadiri lenzi inavyotazama upana mkubwa, ndivyo vitu vilivyo karibu vinavyoonekana vidogo na vya mbali, na dereva hudhani ana nafasi ambayo hana. Nyuzi 120 hadi 150 zinatosha. Kisha tafuta alama ya IP67 au zaidi kwenye boksi. Tarakimu ya 6 inamaanisha kwamba vumbi haliingii hata kidogo, na 7 inamaanisha kwamba kifaa kimevumilia kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kama huwa unaoshea gari kwa mashine ya maji ya shinikizo, tafuta IP69K, ambayo hupimwa kwa maji ya moto yenye shinikizo kubwa. Kwa barabara za vumbi za upande wa Natron, tarakimu ya kwanza ndiyo ya kwako. Zile taa ndogo za usiku zilizouzunguka mdomo wa kamera hazifiki mbali. Safisha vioo vya taa zako za rivasi na uhakikishe balbu zote mbili za wati 21 zinawaka, utaona tofauti kubwa kuliko ya kubadilisha kamera.

Mahali pa kuifunga pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Wengi huiweka juu ya kibao cha namba kwa sababu ni rahisi. Lakini gari la umbo la boksi huvuta vumbi na tope kuelekea mgongoni mwake linapokwenda, na huko chini kamera hufunikwa kabla hujafika unakokwenda. Mimi ningeifunga juu ya kioo, kwenye mlango wa nyuma, nikaiinamisha mpaka ukingo wa bampa uonekane chini kabisa ya picha. Ukiuona ukingo wa bampa, unajua gari lako linaishia wapi, na jicho halihitaji kukisia.

Sasa tuje kwenye waya, ambao kwa uzoefu wangu ndio unaoua kamera nyingi. Mlango wa nyuma wa HiAce yako hufunguka kwenda juu, na kati ya mlango na bodi, karibu na bawaba, kuna bomba la mpira lililokunjwakunjwa ambalo ndani yake hupita nyaya za mlango. Waya wa kamera lazima upite humo humo. Miaka kadhaa iliyopita nilimfungia mteja kamera jioni, mvua ikitishia, nikaona uvivu kulichomoa bomba lile, nikaupitisha waya kwenye mwanya wa pembeni na kuufunga kwa solotepu. Haikupita miezi mitatu akarudi. Picha ilikuwa ikija na kupotea kila gari lilipopita kwenye tuta. Nilipofungua nikaona ganda la waya limekatwa na ukingo wa chuma kama kwa kisu, nyuzi za shaba zimegeuka kijani, na maji yamefuata njia ile ile hadi kwenye kifuniko cha ndani cha mlango. Nilirudia kazi yote bila malipo, na sijawahi tena kuliruka bomba la mpira.

Lichomoe taratibu pande zote mbili kwa bisibisi bapa iliyoviringishwa kitambaa. Kwa gari la umri wa lako, huenda mpira umekauka na nyaya za zamani zilizomo ndani zimeshaanza kupasuka. Zikague moja moja wakati umelifungua. Pulizia maji kidogo ya sabuni, sukuma waya mgumu mwembamba kwanza, kisha fungia waya wa kamera kwenye ncha yake na kuuvuta. Acha ziada kidogo ndani ili mlango ukifunguka hadi mwisho waya usivutike.

Kabla ya kutoboa chochote, iunganishe seti nzima juu ya meza kwa betri ya volti 12 mwone picha. Mwanao atafurahia hatua hii, nanyi mtaokoka kufunga kitu kibovu. Baada ya hapo tafuteni waya wa taa ya rivasi. Zuieni magurudumu, vuteni breki ya mkono, fungueni swichi bila kuwasha injini, ingizeni gia ya rivasi, kisha gusisheni testa kwenye nyaya za taa ya nyuma. Ule unaowaka gia ikiwa ndani na kuzima ikitolewa ndio wenyewe. Msiamini rangi ya waya, kwa sababu gari la miaka 25 na zaidi limeshapita mikononi mwa mafundi wengi. Mkishaujua, ondoeni kichwa cha hasi cha betri ya injini, na betri ya pili nayo mwitenge, ndipo muunganishe.

Viunganishi vile vya kubana kwa koleo, vinavyoung'ata waya bila kuumenya, msivitumie, kwa kuwa hukata nyuzi kadhaa na kuacha tundu la unyevu. Menyeni waya, lehemuni kwa risasi, kisha vaeni mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Waya mwekundu wa kamera unaingia kwenye waya wa rivasi kupitia fyuzi ndogo ya ampea 2. Kamera yenyewe hula umeme kidogo mno ukilinganisha na balbu, hivyo hakuna mzigo wa kutisha. Waya mweusi ni wa ethi, yaani ule unaofungwa kwenye chuma cha bodi, na hapa ninaomba mnisikilize: ikwangueni bodi mpaka chuma kitupu kionekane, kazeni waya kwa bolti, kisha pakeni rangi juu yake. Ethi iliyofungwa juu ya rangi au kutu ndiyo inayoleta ile mistari inayotambaa kwenye picha injini inapowaka. Tena umeme wa seti hii utoke upande wa betri ya injini, si upande wa betri ya kempa, ili skrini na kamera vishirikiane ethi moja. Skrini ichukue umeme unaokuja swichi inapofunguliwa tu, nao uwe na fyuzi yake. Ukiiunganisha moja kwa moja na betri, itainyonya betri gari likiwa limelala kambini.

Tundu la kupitishia waya kwenye mlango litobolewe kwa keekee, lisuguliwe kwa tupa mpaka kingo zilainike, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, likauke, ndipo livishwe mpira. Ukiziba kwa silikoni, chagua isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula chuma unachojaribu kukilinda.

SWALI: Fundi, mimi ni mama wa watoto watatu, Nakuru. Nilinunua HiAce iliyotumika kutoka Japani, ikiwa na kamera ya kiwandani na redio yenye maandishi ya Kijapani. Tumeigeuza kempa, na fundi mmoja akanitolea redio ile akaweka skrini mpya ya Android. Tangu hapo kamera haionyeshi kitu, naye anasema ninunue nyingine. Je, ni kweli?

JIBU: Dada, usinunue bado. Kamera nyingi za kiwandani za Toyota hutumia volti 6, zinazotoka kwenye redio yenyewe, wala si volti 12 za gari. Redio ilipoondolewa, kamera ilipoteza chanzo chake cha umeme. Na kama fundi aliiunganisha na taa ya rivasi bila kipunguza volti, huenda imeungua.

Ipo njia ya kuipima kwa gharama ndogo. Mwambie fundi achukue betri nne za tochi za volti 1.5, azipange kwa kufuatana apate volti 6, kisha aipe kamera umeme huo huku waya wa picha ukiwa kwenye skrini mpya. Picha ikitokea, kamera ni nzima na unachohitaji ni kipunguza volti kidogo cha kushusha 12 kuwa 6, kinachofungwa kati ya waya wa rivasi na kamera. Picha ikitokea lakini inapanda na kushuka, au haina rangi, aingie kwenye mipangilio ya skrini abadilishe mfumo wa video kutoka PAL kuwa NTSC, ambao ndio uliotumika Japani. Isipotokea kabisa, hapo ndipo mzungumze kuhusu nyingine. Na fundi aliyeitoa redio bila kukuuliza kuhusu kamera anapaswa kulipia muda huo yeye.

Jambo jingine la kutazama picha ikirudi: mweke mtu mwenye fulana yenye maandishi asimame nyuma ya gari. Kwenye skrini maandishi yanapaswa kusomeka kinyume, kama kwenye kioo. Yakisomeka sawasawa, kushoto na kulia vimebadilishana, nawe utakata usukani upande usio wake. Kamera nyingi za madukani zina kitanzi kidogo cha waya kwa ajili hiyo; kikikatwa, picha hugeuka. Soma karatasi ya maelezo kabla ya kukikata, maana mara nyingi kipo kitanzi cha pili kinachoondoa mistari ya rangi ya kukisia umbali.

SWALI: Ninaandika kutoka Minneapolis, Marekani, ninakoishi na familia. Tumenunua kempa ya zamani iliyojengwa juu ya Ford Econoline, urefu wake unakaribia mita 8. Ninaogopa kazi ya kupitisha waya umbali wote huo, na ninaogopa umeme utapungua njiani. Je, hapa nako nisitumie isiyo na waya?

JIBU: Kuhusu umeme kupungua, ondoa hofu. Kamera inayotumia ampea 0.2, kwenye waya wa milimita za mraba 0.5, hupoteza chini ya volti 0.2 kwa mita 10 za kwenda na 10 za kurudi. Tatizo lako ni chumvi. Majira ya baridi barabara zenu humwagwa chumvi, na waya utakaoupitisha chini ya gari utaogeshwa nayo miezi kadhaa kila mwaka.

Tafuta seti zinazotengenezwa kwa ajili ya malori, zenye waya mmoja mnene unaobeba umeme na picha pamoja, na viunganishi vyenye pini nne vinavyokazwa kwa kuzungushwa. Huuzwa na waya wa mita 10, 15 au 20. Upitishe ndani ya gari, juu ya makabati au nyuma yake, na ikiwa huna budi kupita chini, uvishe bomba la plastiki, ufunge kwenye fremu mbali na bomba la moshi, na viunganishi vyote viishie ndani. Kempa yako ikiwa na kuta za faibaglasi, zile za dijitali zisizo na waya hufanya kazi vizuri zaidi kuliko kwenye bodi ya chuma, na sitakulaumu ukizitumia kwa msimu mmoja; lakini gari la kukaa nalo miaka lifungie waya. Ukumbuke pia kwamba skrini za aina hii huwa nzito kubadilisha picha zikiwa na baridi kali, kwa hiyo ipashe moto kabini kwanza ndipo urudi nyuma.

SWALI: Fundi, kamera yangu ina mistari ya kijani, njano na nyekundu. Nilirudi nyuma nikiwa bado kwenye ya njano, nikagonga tawi la mwembe na kuvunja kioo. Mistari hiyo ina maana gani? Msomaji, Tanga.

JIBU: Pole, ndugu. Mistari hiyo imechorwa juu ya picha kiwandani, kwa gari ambalo si lako, nayo hukisia umbali wa vitu vilivyo ardhini tu. Tawi linaloning'inia halimo kwenye hesabu yake, wala tairi ya akiba au baiskeli ulizozitundika nyuma.

Ipime upya. Egesha mahali tambarare, chukua futi kamba na chaki, uchore mistari ardhini nusu mita, mita 1, mita 2 na mita 3 kutoka kwenye sehemu iliyochomoza zaidi nyuma ya gari, hata kama ni tairi ya akiba. Simamisha dumu la lita 20 kwenye kila mstari, kaa kwenye kiti cha dereva, uweke alama ndogo za solotepu pembeni mwa skrini zinapogusa chini ya kila dumu. Kisha jaza tangi la maji, pakia mizigo ya safari, na urudie zoezi lote. Nyuma ya gari ikishuka, kamera hutazama chini zaidi, na alama iliyokuwa ya mita 1 huwa ya umbali mfupi kuliko huo. Zile alama za gari lililojaa ndizo za kuziacha kwenye skrini.